Kutoka kusimamia miradi ya TEHAMA hadi kuongoza utafiti serikalini: jibu kwa msomaji wa Wete

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ameuliza hivi: "Assalaam aleikum. Mimi ni Afisa TEHAMA katika ofisi ya wizara moja hapa Pemba. Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta na miaka tisa kazini, na katika miaka sita ya mwisho nimesimamia miradi mitatu, mkubwa ukiwa ni mfumo wa usajili wa wakulima. Natamani siku moja niongoze utafiti serikalini, lakini mkuu wangu wa kazi huniambia kwamba utafiti si kazi ya watu wa kompyuta. Je, njia hiyo ipo? Nisome uzamivu, au nichukue cheti cha usimamizi wa miradi? Na je, ni lazima nihamie Unguja?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu.

Njia hiyo ipo, nami ni miongoni mwa walioipita. Nilianza kazi nikiwa mwandishi wa programu, nikasimamia miradi ya mifumo kwa zaidi ya miaka kumi, na nikamalizia utumishi wangu nikiongoza kitengo cha utafiti. Nitakujibu kwa niliyoyaona, na nitaanza na jambo ambalo ningelifaidika sana kuambiwa nilipokuwa na miaka tisa kazini kama wewe. Kinachomtenga msimamizi wa mradi na kiongozi wa utafiti ni kile ambacho kila mmoja wao amekubali kukibeba. Msimamizi wa mradi hubeba dhamana ya kuleta kitu ambacho kilikwisha kuelezwa kabla ya kazi kuanza, kwa muda na fedha zilizokubaliwa. Kiongozi wa utafiti hubeba swali, na hulibeba hadi mwisho hata pale jibu linapokuja kinyume cha matarajio ya kila mtu, wakiwemo waliotoa fedha. Mtu anaweza kuwa na vyeti vyote vya dunia asiweze kubeba swali, na anaweza kuwa na shahada moja akaweza.

Mimi nililijifunza hilo kwenye madiko ya samaki. Miaka mingi nyuma nilikabidhiwa usimamizi wa mfumo wa kuweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa. Kila bwana diko alipewa simu yenye programu tuliyoiandika, akawa anaingiza aina ya samaki, uzito na bei, na taarifa zikawa zinafika makao makuu siku ile ile badala ya kungoja daftari lijae na kuletwa kwa mkono. Mradi ulimalizika wiki mbili kabla ya muda wake, fedha zilibaki, na siku ya makabidhiano nilishukuriwa mbele ya watu. Mwaka wa pili akaja mtaalamu wa uvuvi akaniuliza swali moja: samaki aina ya changu wanapungua au hawapungui? Tulikuwa na maelfu kwa maelfu ya mistari ya taarifa, na hatukuweza kumjibu.

Tulijua kilo, hatukujua juhudi iliyotumika kuzipata. Hatukuwa tumeandika chombo kilikuwa na wavuvi wangapi, madema mangapi yalitegwa, yalikaa majini kwa muda gani, wala kama ilikuwa bamvua au maji mafu. Kilo 40 zilizotoka katika madema 10 na kilo 40 zilizotoka katika madema 30 ni habari mbili tofauti kabisa kwa mtu anayetaka kujua hali ya bahari, ingawa kwenye mizani na kwenye mfumo wangu zilikuwa ni habari moja. Wavuvi wanaweza kuleta uzito ule ule kila mwaka kwa kuongeza mitego na kwenda mbali zaidi, na takwimu zikaonekana zimetulia hali samaki wanakwisha. Nilirudi kuzisoma hadidu za rejea za mradi ule, ambazo ofisi iliyotupa kazi iliziandika na mimi nikazikubali bila ya kuhoji. Palikuwa na orodha ya fomu, orodha ya ripoti na idadi ya simu za kununuliwa. Swali halikuwepo hata moja. Tulipokuja kuongeza nafasi tatu tu katika fomu, kazi ilituchukua siku nne, lakini miaka miwili ya taarifa ilikuwa imekwenda, na bahari ya mwaka jana hairudi ili ihesabiwe tena.

Nimekueleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini mfumo wako wa wakulima unaweza kuwa katika hali ile ile hivi sasa, na hilo ndilo litakalokuwa mlango wako. Nitalirudia baadaye.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Mwaka 1963 wataalamu wa nchi za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, walikutana Frascati, Italia, wakaanza kuweka mwongozo wa kuhesabu shughuli za utafiti, na mwongozo huo umekuwa ukiandikwa upya hadi toleo la mwaka 2015. Toleo hilo linasema kwamba kazi huhesabiwa kuwa ni utafiti ikiwa ina mambo matano: inatafuta jambo jipya, ina ubunifu, matokeo yake hayana uhakika tangu mwanzo, ina mpangilio, na inachokipata kinaweza kuhamishwa au kurudiwa na mtu mwingine. Mtu aliyesimamia miradi ya TEHAMA kwa miaka sita tayari analo la nne, na pengine analo kwa wingi kuliko wanasayansi wengi. La tatu ndilo litakalokusumbua, kwa sababu kazi yako yote mpaka leo imekuwa ni kuondoa hali ya kutokuwa na uhakika: kuandika vihatarishi, kuvipunguza, na kuhakikisha kwamba siku ya mwisho hakuna atakayeshangaa. Katika utafiti kushangaa ni halali, na wakati mwingine ndiko kunakookoa roho za watu.

Mfano wake umetokea hapo hapo kisiwani kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ushiriki wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, ulifanyika utafiti wa kuwapa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Wengine waliongezewa zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na kirutubisho ili walinganishwe. Upungufu wa damu kwa watoto ulikuwa umeenea, na ushauri wa kimataifa wa wakati ule ulielekea kuwapa chuma. Watoto 24,076 waliingia katika hesabu hiyo. Fikiria kama msimamizi wa mradi maana yake ni nini: wafanyakazi wanaopita nyumba kwa nyumba, vidonge vinavyofanana visichanganyike, kila mtoto na namba yake, kila kulazwa na kila kifo kiandikwe bila ya kukosea. Mwezi wa Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kwa ushauri wa kamati huru ya usalama, kwa sababu watoto hao walikuwa wakidhurika zaidi kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2006: watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitali. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi.

Tazama jinsi ambavyo ripoti ya kawaida ya mradi ingelisema juu ya jambo hili. Shughuli imesimamishwa kabla ya muda, lengo halikufikiwa, na dhana iliyoombewa fedha imeonekana si sahihi. Kwa vipimo vya mradi huo ni mradi ulioshindwa. Kwa vipimo vya utafiti ni miongoni mwa kazi zenye thamani kubwa zilizowahi kufanyika katika visiwa hivi, na iliwezekana kwa sababu mbili kwa pamoja: pale palikuwa na watu waliojali swali kuliko walivyojali kuwa sahihi, na pale palikuwa na usimamizi makini kiasi kwamba namba zilipokuja na habari mbaya ziliaminika. Kama kumbukumbu zingelikuwa ovyo, kamati ile isingelikuwa na kitu cha kukitazama, na watoto wangeliendelea kupewa.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba utafiti si kazi ya watu wa kompyuta, hupaswi kubishana kwa maneno, taja kazi. Taja namna Zanzibar ilivyoanza mwaka 2008 kupokea takwimu za malaria za kila wiki kutoka vituo vya afya kwa njia ya simu, na namna mfumo uliofuata ulivyomwezesha afisa wa wilaya kupata taarifa ya mgonjwa mmoja, kumfuata hadi nyumbani kwake na kuwapima wanaoishi naye. Mfumo ule ulijengwa kuzunguka swali, nalo ni je, mgonjwa huyu aliambukizwa hapa au alikuja na malaria kutoka safarini, na ndiyo maana taarifa zake zimeweza kutumiwa katika utafiti. Taja pia Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ya kwanza nchini kuendeshwa kwa vishikwambi, iliyotuambia kwamba Zanzibar ina watu 1,889,773 kutoka watu 1,303,569 wa mwaka 2012. Katika kazi kama ile mtakwimu na mtu wa mifumo hawana budi kukaa meza moja tangu dodoso linapoandikwa, kwa sababu sharti la kuruka swali likiwekwa vibaya ndani ya programu, kosa hilo hurudiwa katika kila nyumba.

Lipo jambo jingine ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Utafiti wa serikali, kwa jinsi nilivyouona kwa ndani, hufa mara nyingi zaidi kwa uendeshaji kuliko kwa sayansi. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mpunga wa kutegemea mvua hufuata masika. Mbegu za majaribio zikikwama katika zabuni, masika hayangoji, na mtafiti hupoteza mwaka mzima kwa sababu ya karatasi iliyochelewa wiki tatu. Dawa za maabara huagizwa baada ya mashine kufika badala ya kabla. Fedha za mafuta ya boti hutolewa wakati wa kusi, bahari ikiwa haiendeki. Wanasayansi huyaona mambo haya kuwa ni bahati mbaya, hali mtu aliyelelewa katika usimamizi wa miradi anajua kwamba yanapangika: unarudi nyuma kutoka siku ya kupanda, unahesabu siku ambazo Sheria ya Ununuzi ya 2016 inazitaka, na unaanza zabuni tarehe inayostahiki. Unguja ilipokaa bila ya umeme kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, mtu wa seva alijua mara moja la kuuliza: jenereta ina mafuta ya siku ngapi, na kitu gani kikizimika hakirudi? Sampuli zilizoyeyuka ndani ya friza hazina nakala nyingine. Uzoefu wa namna hiyo ni haki yako kuuingiza katika taasisi ya utafiti, na usiuonee haya.

Hata hivyo, uzoefu huo huo una tabia mbili ambazo itakubidi uziache, na nasema hivi kwa sababu nilizichukua mwenyewe na zikaleta madhara. Ya kwanza ni kumfanya mtafiti kama mzabuni. Huwezi kumpa mwanasayansi tarehe ya kugundua. Unachoweza kumpa, na unachopaswa kumpa, ni tarehe ya kuamua: ifikapo mwezi fulani tutakaa, tutatazama kilichopatikana, na tutaamua kuendelea, kubadili njia au kusimama. Ya pili ni kutaka kila ripoti ya robo mwaka iwe nzuri. Siku ambayo kijana wako atakuja na kusema "hatukuona tofauti yoyote," namna utakavyompokea ndiyo itakayoamua kama kuanzia siku hiyo wataanza kukuficha mambo.

Sasa nije kwenye uzamivu, kwa kuwa najua ndilo swali linalokukosesha usingizi. Mwaka 1966 ofisi ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikigharimia utafiti wa kompyuta, ndani ya taasisi ya ARPA iliyoanzishwa mwaka 1958, ilikuja kuongozwa na Robert Taylor. Alikuwa na shahada ya uzamili ya saikolojia, hakuwa na uzamivu, na kabla ya hapo alikuwa meneja wa programu za utafiti NASA. Katika ofisi yake kulikuwa na mashine tatu za kuwasiliana na kompyuta za mahali patatu tofauti, na kila moja ilitaka amri zake. Taylor akajiuliza kwa nini isiwe mashine moja inayofika kote. Alimweleza mkuu wake, Charles Herzfeld, akakubaliwa dola milioni 1, akamleta Lawrence Roberts, aliyekuwa na uzamivu, aongoze kazi yenyewe. Na tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulipita baina ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA) na ile ya Stanford Research Institute. Huo ndio mtandao uliozaa intaneti.

Usiuchukue mfano huo kuwa ni ruhusa ya kutosoma. Taylor aliwaelewa wanasayansi wake kiasi cha kujua nani ana wazo zito na nani anapiga maneno, na uelewa huo haupatikani bila ya kujifunza. Nilichokusudia ni kwamba kiongozi wa utafiti si lazima awe mwanasayansi bora kuliko wote walio chini yake. Lazima awe na uwezo wa kuutambua ushahidi mzuri na kuutofautisha na mbaya, na awe na ujasiri wa kulipia swali.

Kwa hali yetu ya Zanzibar milango ni zaidi ya mmoja na haina masharti sawa. Katika taasisi zenye fani yake, kama ile ya utafiti wa kilimo iliyopo Kizimbani, ya uvuvi na rasilimali za bahari, au ya afya, utakaowaongoza ni wenye uzamivu katika fani hizo, na bila ya kuwa nao wewe mwenyewe utapata tabu ya kusikilizwa, hata kama karatasi haikukatazi. Mlango ulio karibu nawe zaidi ni Idara ya Mipango, Sera na Utafiti, ambayo imo katika wizara zetu. Jina lake lina mambo matatu, na kwa maoni yangu utafiti ndio unaopata fungu dogo kuliko yote, kwa sababu mipango ina tarehe za bajeti na sera zina wakubwa wanaozingoja, hali utafiti hauna anayeulilia. Mtu anayejua kupanga, anayejua taarifa za wizara ziko wapi na zina kasoro gani, na anayeweza kuandika swali likaeleweka na Waziri, ana nafasi kubwa pale. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ni mlango wa tatu, na Mamlaka ya Serikali Mtandao inaweza kuwa wa nne ikiwa swali lako litahusu mifumo yenyewe. Isome skimu yako ya utumishi, uone ngazi za afisa utafiti au afisa mipango zinataka nini na kama sifa zako zinakuruhusu kubadilishiwa kada, kwa sababu kubadili kada mapema ni rahisi kuliko kubadili ukiwa juu. Ukurugenzi wenyewe ni wa uteuzi, hauombwi; unachoweza kukifanya ni kuwa na kazi inayojulikana kabla ya jina lako kutajwa.

Juu ya masomo nitasema kwa ufupi. Cheti cha usimamizi wa miradi cha PMP, kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, humtaka mwenye shahada awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na awe na saa 35 za mafunzo kabla ya mtihani, nawe pengine umekwisha kuyatimiza yote mawili au unakaribia. PRINCE2, njia nyingine ya usimamizi wa miradi yenye cheti chake, ina nasaba ya serikali moja kwa moja, kwani mzazi wake, aliyetoka mwaka 1989, aliandikwa kwa ajili ya miradi ya kompyuta ya serikali ya Uingereza. Chukua kimojawapo ukigharimiwa, usikope kwa ajili yake. Fedha na miaka yako ziweke katika shahada ya uzamili yenye takwimu nzito na tasnifu unayoiandika mwenyewe. Iwe ya takwimu, ya uchumi wa kilimo au ya afya ya jamii, ni sawa. Shahada nyingine ya TEHAMA haitakuongezea unachokikosa. Uzamivu uje baadaye, ukiwa umekwisha kupata swali ambalo huwezi kuliacha, kwa kuwa nimewaona waliouanza bila ya swali wakakaa miaka saba wakilitafuta.

Tasnifu yako unayo tayari mezani. Mfumo wa usajili wa wakulima ulioujenga una majina, mashamba na mazao. Kile usichokijua, na ambacho bila ya shaka hakuna anayekijua, ni kiasi gani cha yaliyomo ni kweli. Chukua wakulima 400 kwa bahati nasibu kutoka katika daftari lote, si kutoka katika shehia zilizo kando ya barabara ya lami, nenda na sheha hadi shambani, na ulinganishe kilichoandikwa na kilichopo. Kwa sampuli ya 400 iliyochaguliwa kwa haki, asilimia utakayoipata haitakuwa mbali na ukweli wa daftari zima kwa zaidi ya pointi 5 hivi, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 ambacho watakwimu wamekizoea. Kwa sampuli ya 100 itakuwa ni pointi 10 hivi, na hilo pengine linatosha kwa kuanzia kama mafuta ya pikipiki ni shida. Uliza pia jambo ambalo fomu yako haikuliuliza: nani hasa analima shamba hili? Nimeona shamba la urithi limesajiliwa kwa jina la kaka aliyeko Dar es Salaam, hali dada zake ndio wanaolilima na ndio wanaonyimwa mbolea kwa kuwa majina yao hayamo. Ukiweza kusema ni mashamba mangapi katika kila 100 yako katika hali hiyo, utakuwa umefanya utafiti ambao wizara yako itauhitaji wakati wa kupanga ruzuku.

Kabla ya kutoka, andika karatasi mbili. Ya kwanza ni ombi la ruhusa kwa Afisa Mdhamini, yaani mkuu wa ofisi ya wizara yako hapo Pemba, ukieleza kwamba majina yataondolewa kabla ya uchambuzi na kwamba mkulima anaweza kukataa. Wakulima walitoa taarifa zao ili wasajiliwe, hawakuzitoa ili wachunguzwe, na msingi wa kutotumia taarifa ya mtu kwa lengo jingine bila ya kumweleza umo katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uufuate hata pale ambapo hakuna atakayekukagua. Ya pili ni ya kwako mwenyewe. George Heilmeier, aliyeiongoza ile taasisi ya ARPA niliyoitaja kuanzia 1975 hadi 1977, alimtaka kila mwenye andiko ajibu maswali machache, na mimi niliyatumia kwa kila andiko lililopita mezani kwangu: unataka kufanya nini, kwa lugha isiyo na istilahi hata moja, jambo hilo leo linafanywaje na linakwama wapi, jipya lako ni lipi na kwa nini unadhani litafaulu, nani atafaidika, hatari ni zipi, gharama ni kiasi gani na muda ni kiasi gani, na utajuaje, katikati ya njia na mwisho wake, kwamba unafika. Lile la kwanza huwashinda wengi. Mjaribu sheha: ukimweleza akakuuliza tena, bado hujaliandika.

Tafuta pia mwenza mmoja anayejua takwimu kuliko wewe, na umwoneshe mpango kabla ya kukusanya chochote. Wakati huo makosa hurekebishwa kwa kalamu; baadaye hayarekebishiki, kama nilivyokuonesha kwa samaki.

La mwisho ni Unguja. Usihamie sasa. Ofisi za Pemba ni ndogo, na hilo ambalo wengi wenu mnaliona kuwa ni upungufu, mimi naliona kuwa ni nafasi: kwa Afisa Mdhamini mtu wa kilimo, wa mipango na wa TEHAMA hukaa kikao kimoja, hali kwetu Unguja wapo katika majengo tofauti na huandikiana barua. Ile maabara ya Wawi iko mwendo mfupi kutoka kwako, na watu wake wana uzoefu wa kufuatilia maelfu ya watoto katika shehia ambazo wewe unataka kufuatilia mamia ya wakulima. Omba siku mbili tu za kukaa na wanaotunza taarifa zao, uone wanavyokagua fomu jioni ile ile kabla ya kulala. Tunguu, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, utakwenda kwa ajili ya masomo na kurudi. Anza kabla ya vuli, njia za mashambani zikiwa bado zinapitika, na ukifika wakulima 50 wa mwanzo simama usome ulichokiandika, kwa sababu lazima lipo swali moja katika dodoso ambalo kila mtu analielewa kinyume cha ulivyokusudia.